Msomaji wa Tatu

Kitabu kilivuka ziwa kutoka Nansio
ndani ya mfuko wa sukari, kimefungwa kamba ya katani,
na Mwalimu Magafu akakitua mezani pangu
kama mtu anayepeleka sato mzanini.
"Nimekitafsiri chote. Chapa. Ukurasa shilingi ngapi?"

Nyuma ya jalada, karatasi ya maktaba ya mji fulani wa Marekani,
mhuri mwekundu wa kukifukuza rafuni,
na tarehe mbili za kuazimwa:
moja ya mwaka sabini na nne, moja ya themanini na moja.
Basi. Wasomaji wawili, kisha kontena la msaada,
kisha kabati la shule, chini ya chaki na mavi ya popo.

Mwandishi alisifika kwa kitabu kingine,
kile kilichomjengea nyumba. Hiki, alisema Mwalimu,
alikiandika kwa hasira,
na hasira haina wanunuzi.

Hadithi yenyewe: mgombea useneta anafia kitini
siku tisa kabla ya kura.
Wapambe wanamvisha miwani myeusi,
wanamfunga kiganja kwa uzi wa ndoana apungie umati,
na umati unanong'ona: huyu sasa kakomaa,
hakatizi mtu, haahidi asichoweza.
Anashinda kwa kura nyingi kuliko alipokuwa na pumzi.

Nilichapa alasiri, umeme ukiwepo,
Mtaa wa Rwagasore, kati ya fundi saa na muuza betri,
korongo wenye vipara wamejipanga juu ya paa la ng'ambo
kama kamati inayosubiri posho.
Mwalimu alinisomea mwandiko wake, akakwama.
Kwa Kiingereza chao, alisema, fedha ya umma
inayomwagwa jimboni ili mheshimiwa arudi
huitwa pipa la nyama ya nguruwe.
Tuliandika nguruwe; Bi Shamsa wa mashine ya kudurufu akakunja uso.
Tukaandika mgawo; hakuna aliyecheka.
Siku ya tatu nikasema: ubwabwa.
Mwalimu alinitazama, akalikata neno lake kwa kalamu ya risasi,
akaninunulia chai na maandazi mawili.

Nao ulikuwa msimu wetu wa kampeni.
Bwana Lushinge, mgombea udiwani, alikuja kudurufu mabango,
akasoma kioo cha kompyuta yangu bila kuombwa,
akacheka hadi akashika meza.
"Huyu maiti ni Nkwabi kabisa! Nipe nakala kumi za sura hiyo."
Kesho yake Nkwabi mwenyewe, na kofia mpya:
"Lushinge mtupu! Hata miwani! Nipe ishirini."
Nyani alishasemwa zamani, sina la kuongeza.
Nilihesabu noti. Zilitosha kumlipia Mwalimu sura nne.

Ila sura ya mwisho haikumchekesha mtu.
Maiti anaapishwa. Ukumbi unapiga makofi.
Juu, kwenye viti vya wageni, yupo mjane,
ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa taarifa.
Anamwita mumewe kwa jina la nyumbani, taratibu,
anangoja ageuke.
Halafu ipo sentensi moja, maneno sita tu,
na Mwalimu aliihangaikia siku tatu,
anaandika, anafuta, karatasi ikatoboka.
"Hapa mwandishi ameacha kucheka," akasema.
"Kiswahili changu bado kinacheka.
Acha mstari mtupu."
Akawahi meli ya kisiwani, kitabu akaniachia.

Mvua ilinyesha wiki ya kura.
Nakala za Lushinge na za Nkwabi
zilibanduka kwenye kuta za Makoroboi, zikashika mtaro mmoja,
nikaziona zimenasa kwenye magugu maji,
wino umechuja, hujui ipi ya nani.
Mmoja wao alishinda. Sikumbuki vizuri ni yupi.

Usiku ule nilifunga duka kwa ndani,
nikafungua ile karatasi ya maktaba,
na chini ya mwaka themanini na moja
nikaandika tarehe ya leo, kwa bluu.

Kisha nikaurudia ule mstari mtupu,
vidole juu ya herufi,
nikamsikiliza yule mama akiita.